Kadi Iliyouliza Maswali

Aliyemwambia mke wa Fundi kwanza ni mama mkwe wake, jikoni, mchana kweupe, huku akichambua mchele na kujifanya hana habari na mtu.

"Mwanangu, hebu sogea," alisema kwa sauti ya chini. "Umemwangalia mumeo anavyocheka siku hizi?"

"Anacheka vipi, mama?"

"Anasubiri kwanza. Nimempa kile kisa cha jirani aliyemfukuza kuku akaanguka yeye. Akanitazama tu, kimya. Halafu ndipo akacheka, tena vizuri kabisa. Huyo nimemzaa mimi. Hakuwahi kusubiri. Hata msibani alikuwa anaangua kicheko kabla sijapata nafasi ya kumfinya."

Mke wa Fundi alitabasamu kwa adabu, akasema labda ni uchovu wa kazi. Lakini mkono wake ulisimama ndani ya sufuria. Yeye mwenyewe alikuwa ameliona jambo hilo, ila aliona haya kulisema.

Kazi ya mumewe haikuwa rahisi kuieleza. Majirani walimwita Fundi kwa sababu walimwona na nyaya, wakamletea pasi na redio zilizokufa, naye kwa kuona aibu kukataa akazitengeneza. Kazi yake hasa ilikuwa kuandika programu. Yeye na wenzake waliotawanyika duniani, wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso, walikuwa wakiijenga programu moja isiyouzwa. Kila mtu aliruhusiwa kuichukua, kuifungua, kutazama ilivyoshonwa ndani na kuirekebisha. Programu hiyo ilitengeneza kompyuta ya kuiga ndani ya kompyuta ya kweli.

"Chukua programu ya zamani," Fundi alimweleza walipokuwa wachanga katika ndoa. "Mashine yake ilishatupwa jalalani. Mimi naitengenezea prosesa ya uongo, yaani ule ubongo wa kompyuta, na kadi ya picha ya uongo ya kuichorea kwenye skrini. Programu inaingia mle, inauliza, 'Prosesa, upo?' Nami najibu, 'Nipo.' Basi inafanya kazi zake kwa raha. Inadhani iko kwao."

"Kama mtoto na chuchu ya mpira," mkewe alisema.

Fundi alicheka mpaka akakohoa. Akawaandikia wenzake maneno hayo, nao wakacheka kila mmoja kwa lugha yake.

Ugumu wote ulikuwa katika kuuliza. Kadi za zamani hazina maelezo popote, kwa hiyo unaiuliza kadi yenyewe jambo moja, unashika jibu lake, unauliza jingine. Kisha unaandika kitu kinachojibu vile vile, hata makosa yake unayaiga. Lile ambalo hukuuliza linabaki pengo. Siku programu ikiligusa pengo hilo, mashine yote inasimama kama gogo.

Ndipo ilipokuja ile kadi ya picha. Mwenzake mmoja wa mbali ndiye aliyeituma, baada ya kuing'oa kwenye kompyuta iliyokutwa katika jengo lililofungwa miaka mingi. Aliandika kwamba imemshinda, na kwamba hataki ilale nyumbani kwake. Fundi alidhani ni mzaha. Ilikuwa nyeusi, pana kama ubao wa kukatia vitunguu. Tangu alipoichomeka, chumba chake cha kazi kilikuwa na mlio mwembamba, kama mbu aliye nyuma ya sikio, na harufu ya vumbi linaloungua juu ya balbu.

"Ya ajabu hii," alisema mezani, binti yao mdogo, Kadogo, akiwa amempanda mabegani. "Inajibu kabla sijamaliza kuuliza."

Siku nyingine akasema, "Leo imeniuliza yenyewe."

"Imekuuliza nini?"

"Naandika kwa mkono gani."

"Ukaijibu?"

"Kwa nini nisiijibu? Sisi hatufichi kitu, mama Kadogo. Anayeuliza anajibiwa. Ndivyo kazi yetu ilivyo."

Mkewe alitaka kumwambia aache. Lakini yeye shule yake iliishia ya msingi, na kwenye mambo ya mashine hakuzoea kumwambia mumewe acha au endelea. Akamwongezea mchuzi tu.

Kadi iliendelea kuuliza. Iliuliza anatafuna upande gani, anamezaje mate akiwa na hofu, anamwitaje mtoto akimtaka haraka, akicheka kicheko kinaanzia wapi. Fundi aliyajibu yote kwa uaminifu, kama mgonjwa mbele ya daktari, na kila alipotoka chumbani alikuwa amepungua, shati limemlegea mabegani. Kisha siku moja ule mlio ukakatika. Fundi akatoka akiwa na mashavu yaliyojaa, akamsalimia kila mtu, akala akamaliza. Mkewe alimshukuru Mungu. Ilikuwa ni kuanzia siku hiyo kicheko kilipoanza kusubiri.

Sasa, baada ya maneno ya jikoni, aliamua kumjaribu.

Walikuwa na mchezo wao tangu uchumba. Mke akikasirika hasemi, ananyoosha kiganja tu. Fundi anatia mkono mfukoni na kuweka kiganjani chochote anachokikuta, skrubu, kifungo, karatasi ya peremende, na kusema, "Kodi hiyo, mama mwenye nyumba." Hasira zinaishia hapo. Nani angefikiria kuuliza habari za upuuzi kama huo?

Alasiri hiyo Fundi alikuwa anamimina chai. Mkewe akanyoosha kiganja.

Fundi alikitazama, na tabasamu likabaki pale lilipokuwa, na macho yakabaki pale yalipokuwa, na birika likabaki limeinama mkononi mwake, chai ikajaa kikombeni, ikafurika sahanini, ikatambaa mezani, ikamchuruzikia mapajani ingali inatoa mvuke, naye hakushtuka wala kupepesa, kifua chake hakikupanda wala kushuka, na katika kimya kile ile harufu ya vumbi la balbu ikaja, na safari hii haikutoka chumba cha kazi, ilitoka katika kinywa chake kilichokuwa wazi kidogo, mpaka birika likaisha na tone la mwisho likaanguka.

"Hilo sikupewa," ilisema sauti ya mumewe, taratibu. "Nifundishe."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. "Njoo huku, mwanangu," alinong'ona. "Usikimbie. Njoo tu, kama unaniletea chumvi."

Mganga aliletwa jua likiwa bado liko juu. Alikuwa mtu mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi, na kofia ya pikipiki kwapani. Yule aliyekaa kwenye kiti cha Fundi alimwamkia vizuri na kumkaribisha.

"Wewe nani?" mganga aliuliza.

"Baba wa nyumba hii."

"Na kabla ya hapo?"

Kile kitu kikasubiri. "Kabla ya hapo sikuwa na mahali."

Mganga hakufungua mkoba wake. Aliomba aonyeshwe chumba cha kazi.

Skrini ilikuwa inawaka. Picha yake ilikuwa ya rangi chache, zilizofifia, kama nguo iliyofuliwa mno, lakini mke wa Fundi alikitambua kile kilichochorwa. Ilikuwa meza yao. Fundi alikuwa ameketi, amekonda, shati limemlegea, anakula. Mama yake alikuwepo, na Kadogo alikuwepo, na kando yake alikuwepo mwanamke aliyevaa gauni hili hili alilovaa yeye sasa. Yule mama wa pichani akasema neno, na Fundi akacheka papo hapo, mpaka akakohoa.

"Baba Kadogo!" mkewe aliita. "Baba Kadogo, ni mimi!"

Aliita tena, akagonga kioo kwa vidole, akaita kwa sauti ambayo hakuwahi kuitoa mbele ya mama mkwe, na Fundi akaendelea kula kwa raha zake, kwa sababu mle ndani hakupungukiwa na kitu, mke alikuwepo na mama alikuwepo na mtoto alikuwepo, na mwenye furaha hageuki kutafuta alichonacho, ila yule mwanamke aliyeketi kando yake ndiye aliyegeuka, polepole, akamtazama mwenzake wa nje kama mtu anavyomtazama ombaomba dirishani, kisha akamsogezea Fundi sahani.

Nje, uani, mganga alisema huku akiangalia chini.

"Jini namjua. Namtoa kwenye mwili, mwenye mwili anabaki. Hapa nikimtoa, anabaki nani? Mwenyewe yuko kule, ameingia jibu kwa jibu."

"Basi tuivunje hiyo mashine!" mama mkwe alisema. "Nileteeni mchi!"

"Ukiivunja, umemvunja na mwanao. Ukiizima, umemzima. Iacheni iwake."

"Mpaka lini?" mke wa Fundi aliuliza.

Mganga alivaa kofia yake ya pikipiki na kuifunga kidevuni. "Naogopa, mama. Sitakudanganya, naogopa." Akaondoka bila kugeuka.

Jioni, mama yake akimwogesha, Kadogo alisema huku akipiga maji, "Baba ameniuliza nikiota naota nini."

"Ukamwambia?"

"Zote. Hata ile ya paka. Kesho ataniuliza ninavyolia. Amesema nisijibu haraka, anataka kusikia vizuri."

Mama yake alimpangusa uso. Alipangusa mara nyingi, maji yalikuwa yameshakauka.

Kulipokucha alimvisha mtoto nguo mbili mbili, moja juu ya nyingine, akamfungia mama mkwe mfuko wa safari. Kadogo alinung'unika kwamba kiatu kinambana. Bibi yake akamwambia anyamaze, viatu vya kubana ndivyo vinavyokwenda mbali.

"Na wewe?" mama mkwe aliuliza mlangoni. "Twende wote, mwanangu. Nakuomba."

"Umeme ukikatika, nani atawasha jenereta, mama? Betri ya kompyuta haivumilii muda mrefu. Halafu mimi nikiondoka, kitamfuata mtoto."

"Huyo kule ndani hata hakujui tena."

"Najua."

Mama mkwe alimshika shingoni, akamvutia kifuani, akamwachia. Mke wa Fundi alisimama mpaka hakusikia tena kiatu cha mtoto kikiburuzwa barabarani. Akafunga mlango kwa ndani, akaenda mezani, akaketi mbele ya kile kitu chenye sura ya mumewe.

"Mtoto usimuulize tena," alisema. "Niulize mimi."

Kikasubiri. Kisha kikatabasamu, tabasamu lile lile alilolipenda tangu usichana.

"Ukiamka asubuhi, unatanguliza mguu gani chini?"

Alikuwa amejipanga. Angekidanganya kwa kila swali, kubwa na dogo, ili mwanamke kitakayemjenga badala yake awe kombo, asifanane naye popote, asimfae mtu.

"Wa kushoto," alisema.

Kikasubiri tena, muda mrefu zaidi.

"Kadogo aliniambia ni wa kulia," kilisema kwa upole, bila kinyongo. "Yako mengi aliyoniambia. Tuanze upya. Mguu gani?"

Mke wa Fundi alisikiliza kule chumba cha kazi, ambako mtu alikuwa anacheka na kukohoa. Akavuta kiti chake karibu na meza.

"Wa kulia," alijibu.