Jembe la Saba

Luhaga alitengwa na kijiji mwezi wa saba, mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipofika Kasoli kwa mara ya kwanza. Jirani yake Mahona alikufa, na Luhaga hakwenda kuchimba kaburi. Alikwenda Kasoli na mkokoteni wake, akawa wa kwanza kwenye mizani.

Adhabu inajulikana. Asisalimiwe, asipewe moto, asisaidiwe kazi, mpaka alete dume moja liliwe na kijiji kizima, na yeye mwenyewe awanawishe watu mikono akiomba radhi.

"Dume ninalo," aliuambia mkutano. "Radhi sina. Miaka yote tumesubiri malipo ya pamba pamoja, tumekosa pamoja. Sasa kila mtu na gunia lake."

"Vizuri," alisema Athanasi, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji. "Kaa na gunia lako."

Luhaga akakaa nalo. Shida ilikuwa Nyanjige, binti wa Mzee Mihayo, ambaye alikuwa amwoe baada ya mavuno yaleyale. Naye alikatazwa kumsemesha; anayevunja katazo hutozwa ng'ombe.

Wiki ya pili walikutana lamboni, kila mmoja ananywesha ng'ombe wake. Nyanjige hakumtazama. Alimshika sikio jike lake jekundu.

"Wewe ng'ombe, umekonda. Nani anakupikia?"

"Najipikia," Luhaga akajibu.

"Ng'ombe hajibu."

Luhaga akaelewa. Akamgeukia dume lake. "Mabaka, mwambie mwenzako ugali wangu hauna mabonge."

"Wewe ng'ombe, kuna dume hapa linajisifu. Pembe kubwa, kichwa kidogo."

Wanawake waliokuwa wakichota maji waliinama kuficha kicheko. Sheria haikukataza kuongea na ng'ombe.

"Mabaka, muulize kama baba yake bado anazisubiri zile kumi na mbili za mahari."

"Baba anasema mahari haiji yenyewe, huja na watu. Mwoaji asiye na watu ni mwizi wa ng'ombe anayetembea mchana."

"Basi nitazipeleka peke yangu."

"Umesikia, ng'ombe? Harusi ya mtu mmoja. Na mimi sitakuwepo, nisije nikamsonga."

Wakaenda hivyo mpaka mwezi wa kumi. Siku moja moto ulimzimikia Luhaga. Alipotoka nje akakuta kigae cha makaa kimewekwa kwenye ua wake wa minyaa. Hakuuliza. Aliwasha, akapika, akala.

Kesho yake asubuhi, vijana wa sungusungu walipita mbele ya nyumba yake wakiswaga mtamba. Luhaga alimtambua. Alikuwa mtamba wa Mzee Mihayo. Akakitazama kile kigae jikoni, bado kina majivu.

Alimkuta Nyanjige lamboni.

"Nitaomba radhi," alisema, na safari hii hakumwambia ng'ombe. "Kwa ajili yako."

Nyanjige alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu.

"Usithubutu."

"Kwa nini?"

"Ukiomba kwa ajili yangu utanidai mpaka nizeeke. Kila tukigombana utasema, niliinama kwa sababu yako. Mimi sitaki kuwa sababu yako, Luhaga. Nani alikufundisha kulima kwa ng'ombe?"

Luhaga akawageukia ng'ombe.

"Sema. Faini tumeshalipa."

"Mahona."

"Haya," alisema Nyanjige, akaswaga ng'ombe wake akaondoka.

Mvua ilinyesha mwezi wa kumi na moja. Plau inataka watu wawili, mmoja wa kuongoza ng'ombe mbele, mmoja wa kukandamiza mikono ya plau nyuma. Luhaga alijaribu peke yake. Akikimbilia mbele, plau inalala. Akishika plau, Mabaka na mwenzake wanaingia shamba la watu. Waliopita njiani walimwona na hawakucheka. Afadhali wangecheka.

Jua lilipofika utosini alimfungua Mabaka nira. Hakumrudisha nyumbani. Alimpeleka kwa Athanasi.

Siku ya nyama, uani kwa marehemu Mahona, Luhaga alishika beseni na birika, akawanawisha wote. Wa mwisho alikuwa Benedikta, mjane wa Mahona.

"Nisamehe, mayu, mama yangu. Nilikwenda Kasoli."

"Najua ulikokwenda. Ulipita hapa na mkokoteni, tukakuona." Mjane akanyoosha mikono. "Kaburi lilichimbwa na watu sita. Lilichimbika."

"Ndiyo, mayu."

"Marehemu alitaja wachimbaji saba kabla hajakata roho. Alianza na wewe. Jembe nililokuwekea niliwakataza wenzako wasilishike, liko nyuma ya mlango. Kalichukue, mpini unaliwa na mchwa."

Alilichukua. Alipotoka nalo, Nyanjige alikuwa anapita na sinia la nyama.

"Mwadila, Luhaga."

Akaitikia salamu, jembe begani. "Mwadila. Ng'ombe wako hajambo?"

"Amechoka kusikiliza."

Walioana mwaka uliofuata, baada ya mavuno. Watu ishirini walimsindikiza kupeleka mahari. Mzee Mihayo alihesabu taratibu, akafika kumi na mbili, akabaki amesimama.

"Na mtamba wangu," alisema.

Akapewa.

Basi, hiki ndicho kilichomtoka. Dume moja, Mabaka. Mtamba mmoja. Miezi minne bila salamu. Shamba lililochelewa kulimwa, likatoa nusu ya pamba. Harusi iliyosogea mwaka mzima. Alichopata kwa kuwa wa kwanza kwenye mizani ni siku mbili mbele ya wenzake, kwa bei ileile. Na alikosa kaburi moja, ambalo halichimbwi mara ya pili.