Damu za Kizimkazi

Mwizi aliyeingia Taasisi ya Shifaa, mtaa wa Vuga, aliacha kompyuta, akaacha hadubini mpya, akaacha hata kisanduku cha sadaka kilichokuwa kando ya mlango. Alichukua damu.

Inspekta Faiza Mbarouk alisimama mbele ya friza iliyo wazi, baridi ikimpiga usoni. Trei zilikuwa zimepangwa vizuri, ila katika kila trei palikuwa na mapengo, moja hapa, mawili pale, kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno. Kufuli lilikuwa zima. Mtaalamu wa alama za vidole alipuliza unga wake, akatikisa kichwa. Alama zilikuwapo, lakini ni za wafanyakazi wenyewe, nao huishika friza hiyo kila siku.

"Mwizi ana adabu zake huyu," alisema Koplo Bakar. "Kaiba, kisha kafunga friza."

"Hilo ndilo linalonitia wasiwasi," alijibu Faiza. "Asiyetaka kuharibu ana lake jambo."

Daktari Wakil, mkurugenzi wa taasisi na mlalamikaji, hakuwa na hamu ya mzaha. Kwa muda mrefu taasisi yake ilikuwa ikiijaribu dawa mpya ya sukari kwa watu wa Kizimkazi na wa Mkokotoni. Vichupa vya damu zao vilikuwa visafirishwe Ulaya Jumatatu. Vya Mkokotoni vilikuwapo vyote. Vya Kizimkazi hakikubaki hata kimoja.

"Bila ya damu hizo?"

"Hakuna matokeo. Bila ya matokeo hakuna dawa."

"Mara ya mwisho umeziona lini?"

"Jana Ijumaa, tulipofunga kazi kwenda kusali. Leo asubuhi nafungua, hazipo."

"Unamshuku nani?"

"Kampuni shindani. Andika hivyo, Inspekta."

Faiza hakuandika. Kampuni shindani ndiyo jini la wasomi: kila kinachopotea, limechukua lenyewe. Akashuka ngazi kumtafuta mlinzi, Mzee Ubwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Jana wakati wa sala ulikuwa wapi?"

"Msikitini, safu moja na daktari, bega kwa bega. Wanaume wote tulikwenda."

"Ndani alibaki nani?"

"Wanawake wawili, wanamalizia kazi. Bi Kazija muuguzi na Bi Khairiya wa makaratasi. Nliporudi, Bi Kazija ndiyo anatoka, kabeba deli. Bi Khairiya akafuata na mkoba wake. Nkafunga mlango, nkakaa hapa hapa mpaka asubuhi. Hata paka hakupita."

Koplo Bakar aliposikia neno deli, macho yalimng'aa. Chombo cha kuwekea barafu, na damu huharibika kwa joto. Akawasha gari hata kabla ya kuamrishwa.

Kazija alikuwa anaishi Kikwajuni, ingawa kwao ni Kizimkazi. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa ulimi, na aliwapokea polisi kama wageni waliochelewa chakula. Deli lilikuwa uani. Bakar alilifungua kwa mikono miwili, akainama, akanyanyuka pole pole. Ndani mlikuwa na changu watano na barafu iliyoanza kuyeyuka.

"Damu imo," alisema Kazija, "lakini ya samaki. Nliletewa na ndugu zangu, nkaliweka kazini mpaka nitoke. Utapenda nkupakulie, mwanangu?"

Bakar alifunga kifuniko.

"Bi Kazija," Faiza alisema, "nimeambiwa na Mzee Ubwa umegombana na Bi Khairiya."

"Sikugombana. Nlimwambia ukweli, akanuna."

"Ukweli gani?"

Kazija alikaa kitako, na sasa mzaha ulimtoka usoni.

Hapo nyuma, alieleza, kila mtafiti wa Shifaa alikuwa na karatasi zake na mtindo wake, na aliyefuata hakuambulia kitu. Khairiya akaajiriwa kuleta violezo: sura moja ya fomu kwa majaribio yote, mpango mmoja wa nambari, maneno yale yale. Kazi nzuri, wala Kazija hakuipinga. Kilichomchoma ni neno moja.

"Fomu ya ridhaa ya zamani nliiandika mie. Nkasema, damu ikishapimwa itasitiriwa. Kwetu hata damu ya chuku, ya mtu aliyeumikwa, huchimbiwa ikafukiwa. Cha mwili wa mtu hakitupwi, Afande. Watu wakaridhia kwa neno hilo. Yeye kwenye kiolezo chake kaandika 'itahifadhiwa'. Nkamuuliza, mbona umebadilisha? Kanambia ni kitu kimoja."

"Si kitu kimoja?"

"Maiti aliyesitiriwa yuko kaburini. Aliyehifadhiwa yuko kwenye barafu, anangojea watu wake. Ni kitu kimoja hicho?"

Faiza aliyaandika maneno yote mawili, moja chini ya jengine.

"Kwa hivyo ukazichukua," Bakar aliingilia.

"Ningezichukua, wallahi! Kama ningezijua."

Ndani ya gari Bakar alihesabu kwa vidole. Sababu anayo. Nafasi alikuwa nayo. Deli analo.

"Deli lina changu," alisema Faiza.

"Changu ni leo, Afande. Jana je?"

Hoja hiyo haikuwa mbaya, na kama Faiza angekuwa mvivu, Kazija angelala mahabusu siku ile. Lakini maneno yake ya mwisho yalimganda Inspekta kichwani. Kama ningezijua. Muuguzi aliyezitoa damu hizo kwa mkono wake, vipi asizijue?

Akamwita Kazija Vuga, akamwita na Khairiya, akawasimamisha wote wawili mbele ya friza.

Khairiya alikuwa kijana wa mjini, buibui lake limenyooka, sauti yake ya chini. Macho yake yalikuwa mekundu, na Faiza aliliona hilo bila ya kulisema.

"Bi Kazija, damu za Mkokotoni nazo umezitoa wewe. Nipe ya mtu mmoja. Yeyote unayemjua."

Kazija aligusa kichupa kimoja, akagusa cha pili, akarudisha mkono.

"Zamani nlikuwa nnaandika KZ na MK, na herufi za jina. Sasa zimebandikwa tarakimu tupu, na za vijiji vyote viwili zimechanganywa. Hapa mie kipofu."

"Bi Khairiya, utamsaidia?"

Khairiya aliinama bila ya kufikiri. Kazi ilikuwa yake na aliijua.

"Huyu ni mwanamke wa Mkokotoni. Na huyu. Na huyu hapa, mume wa..."

Mkono ulisita juu ya trei.

"Nani mwengine anayezijua tarakimu hizi?" aliuliza Faiza.

"Daktari."

"Daktari alikuwa safu moja na Mzee Ubwa."

Khairiya aliifunga friza taratibu, kama alivyoifunga jana.

Kituoni, Faiza alimsomea onyo: ana haki ya kunyamaza, na atakachosema kitaandikwa. Khairiya alisema atasema.

"Kulikuwa na bibi mmoja Kizimkazi, Bi Sichana. Nlikwenda na fomu mpya, watu wasaini tena. Alikuwa mgonjwa, kalala. Kaniuliza, 'Mwanangu, zile damu zetu mshazisitiri?' Nkamwambia, 'Naam, bibi, tushazisitiri.'"

"Ulijua ni uongo?"

"Sikujua. Kwangu mimi zilikuwa mahali pa salama. Kanishika mkono, kasema, 'Alhamdulillahi, basi ntakwenda kwa Mola wangu kamili.' Nkadhani ni maneno ya wagonjwa. Haikupita wiki akafariki. Nlipokwenda kuhani msiba ndipo binti yake akanifahamisha kuwa mama yake alifahamu damu zishafukiwa."

"Daktari ulimwambia?"

"Nlimwomba azitoe za Kizimkazi kwenye mzigo. Kanionesha kifungu: kiolezo kipya kinafuta maneno ya fomu zote zilizotangulia. Kifungu hicho nimekiandika mimi."

"Lakini watu wale walisaini upya."

"Walisaini kwa sababu nliwaambia hakuna kilichobadilika."

"Damu ulizitoa ndani ya nini?"

"Ndani ya mkoba wangu. Mzee Ubwa hajapatapo kunipekua."

"Na sasa ziko wapi?"

"Zimesitiriwa," alisema Khairiya. "Wapi, sisemi."

Daktari Wakil alifika kituoni akiwa na hasira, mara akawa mpole, maana alikwishapiga hesabu yake. Damu ikiyeyuka huharibika, alimwambia Faiza ukumbini, lakini vinasaba hubaki, na vinasaba bado vina kazi. Bi Khairiya aoneshe zilipofukiwa tu. Yeye atafuta malalamiko, na kiti cha binti huyo kitamngoja.

Faiza alirudi ndani, akamweleza yote bila ya kupunguza. Akionesha, anakwenda nyumbani. Asipoonesha, ni mahakamani, na huenda jela.

"Tena kuna wagonjwa wa sukari wataingoja dawa hii kwa muda mrefu zaidi," aliongeza. "Hilo nalo ulijue."

"Nalijua. Mama yangu ana sukari." Khairiya alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Lakini Bi Sichana kafa ananiamini, Inspekta. Siku ile nlisema neno ambalo si kweli. Sasa limekuwa kweli. Mkizifukua, ntakuwa nshamdanganya mara mbili, na safari hii kwa makusudi."

Faiza alimwonea huruma sana, na hakuficha. Kisha akavuta karatasi, akaandika shitaka la wizi kwa mwandiko wake ulionyooka, jina, umri, kosa, maelezo ya kukiri. Khairiya aliyasoma, akatia saini.

Koplo Bakar aliipokea karatasi aipeleke kwa mkuu wa kituo. Mlangoni akasimama.

"Afande, hapa panapoandikwa mali iliyoibiwa iko wapi, pamebaki patupu."

"Naam," alisema Faiza. "Pamebaki."