Siku Niliyopangiwa Kupasuliwa, Mume Wangu Alikuwa Ameshanizika

"Mkewe alishafariki, binti yangu. Alifia kwenye uzazi, Mungu amrehemu."

Ndivyo alivyoniambia yule mzee kwenye simu, kwa upole kabisa.

Jamani... mkewe ni mie!

Nilikuwa kitandani wodi ya wazazi, gauni la upasuaji mwilini, mpira wa mkojo umeshawekwa, dripu mkononi. Tumbo hili hapa, mtoto anacheza. Halafu naambiwa nimekufa!

Tulieni niwasimulie.

Naitwa Zubeida. Kwetu Masasi, ila niliolewa Dar, tukawa tunakaa Kimara na mume wangu Aidarus na binti yetu Salsabil. Huyo Salsabil nilimzaa kwa kisu, nikavuja damu mpaka watu wakaanza kunisomea Yasini. Kwa hiyo mimba ya pili daktari hakutaka mchezo. Alinipangia tarehe ya upasuaji mapema, akasema kondo la nyuma limekaa chini, karibu na kovu la zamani.

"Leteni ndugu waje wachangie damu. Akiba yetu ni kidogo, haitoki kama hakuna wa kuirudishia."

Aidarus aliitikia kuliko hata mie.

"Dokta, hiyo niachie. Nina washkaji kibao."

Tulipofika nyumbani akafunga mlango, akashusha sauti.

"Mke wangu, hii tarehe ibaki humu ndani. Usimwambie mtu. Watu wana macho mabaya."

Nyie wenyewe mnajua. Nani huku kwetu anatangaza siku ya kujifungua? Nikaona nina mwanaume anayenijali! Hata dada yangu Somoe, anayekaa hapo Ubungo tu, nilimdanganya kuwa bado mwezi mzima. Akaenda zake Masasi msibani.

Wiki ile mama mkwe, Bi Raudha, akaja kumchukua Salsabil.

"Akakae na mie Mtoni, wewe upumzike."

Nikamshukuru mpaka machozi. Akabeba na lile gauni jeupe la mtoto la Idi. Sikuuliza la kazi gani.

Siku ikafika. Aidarus kanishusha getini asubuhi, kanibusu kwenye paji la uso.

"Nawafuata washkaji wa damu. Nakuja sasa hivi."

Sasa hivi ikawa saa nzima. Ikawa mchana. Simu haipatikani!

Wenzangu wodini wanaitwa mmoja mmoja, wanaenda na matumbo, wanarudi na watoto. Mie nipo tu. Kulikuwa na nesi mmoja anaitwa Tusajigwe, mkali wa maneno lakini moyo wake mzuri. Kila akipita ananiuliza.

"Zubeida, watu wako?"

"Wanakuja, sista."

"Wanakuja kwa miguu kutoka wapi?"

Nikaona aibu. Nikampigia mama mkwe. Haikupokelewa. Nikapiga tena, na tena. Mwisho ikapokelewa na sauti ya mwanaume nisiyemjua, nyuma yake vigelegele na dufu.

"Shikamoo, mzee. Namuomba Bi Raudha."

"Marahaba, binti. Yuko ndani na kina mama, simu kaiacha hapa kwenye chaji. Imelia sana nikaona nipokee. Mie naitwa Khalil, mwenye nyumba. Leo namuozesha binti yangu."

"Anaolewa na nani, baba?"

"Na mtoto wa huyo huyo Bi Raudha. Aidarus."

Wodi nzima ikazunguka.

"Mzee, Aidarus ana mke!"

Ndipo aliponijibu yale niliyoanza nayo. Mkewe alishafariki. Akaongeza:

"Mie binti yangu simuozi uke wenza. Ila kijana kafiwa, kaachiwa na mtoto mdogo. Huyu hapa yatima mwenyewe, kavaa gauni lake jeupe."

Yatima?! Salsabil wangu!

"Baba, kwa jina la Mungu, mpe simu huyo mtoto!"

Nikasikia simu inapita kutoka mkono hadi mkono. Nikasikia anavyopumua. Mwanangu namjua hata kwa pumzi.

"Salsa, ni mama. Ongea, mwanangu."

Kimya...

"Salsa! Sema neno moja tu!"

Mtoto anayeongea kama redio, leo hana neno!

Mzee akairudia simu. Sasa sauti ilikuwa kavu.

"Binti, usituharibie shughuli. Mtoto hakujui."

Nikaanza kupayuka. Nikataja hospitali, nikataja wodi, nikamwambia napasuliwa leo, damu sina, ndugu sina...

Salio likakata.

Niliilaza simu kifuani nikalia bila sauti. Nilikuwa na mume, na mama mkwe, na dada, na mtoto. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa upande wangu saa ile. Mwanangu wa kumzaa kanikana!

Ndipo nikahisi kitu cha moto kinashuka mapajani. Nikafunua shuka.

Damu.

"Sistaaa!"

Tusajigwe alikuja mbio, daktari nyuma yake. Alitazama mara moja tu.

"Hatusubiri tena. Tunaingia."

"Dokta, damu ya kundi lake ipo chupa moja."

"Nimesema tunaingia!"

Wengine wakisukumwa kwenda chumba cha upasuaji, ndugu wanafuata nyuma na kanga na beseni, wanaomba dua mpaka mlangoni. Mie nilifuatwa na mfuko wangu wa nguo, umebebwa na nesi. Nikamshika mkono.

"Sista, nikifa mpigie dada yangu Somoe. Mtoto usimpe mtu mwingine. Usimpe baba yake."

"Nyamaza wewe. Nani kakwambia unakufa?"

Lakini hakuniangalia usoni alipokuwa anasema.

Nikachomwa sindano ya mgongo, miguu ikapotea. Nikasikia wanavutavuta tumboni kama wanatafuta kitu kwenye begi. Halafu kilio!

"Wa kiume, mama!"

Nilimwona nukta moja tu, mwekundu, kakasirika. Furaha haijanifika moyoni, nikasikia sauti ya daktari imebadilika.

"Anavuja sana. Ongeza damu."

"Imeisha, dokta."

Baridi ikanipanda kutoka miguuni. Taa zikawa mbali. Nikawaza, kumbe Aidarus hakudanganya, kawahi tu kusema! Nikaanza kutamka shahada, ulimi mzito.

Tusajigwe akaniinamia sikioni.

"Zubeida! Usilale! Nje kuna wanaume wa kanzu wamejaa benchi zima. Wanasema wamekuja kumtolea damu binti yao. Dokta, akiba imeruhusiwa, inakuja!"

Binti yao? Baba yangu alishakufa zamani. Nikajua nimeanza kuweweseka. Sikumbuki kilichofuata.

Nilizinduka kesho yake mchana. Kando ya kitanda amekaa mzee wa Kiarabu, ndevu nyeupe, mkono wa kanzu umekunjwa, pamba imebandikwa mkononi. Alipoona nimefumbua macho akaanza kulia.

"Nisamehe, mwanangu. Mie ndiye Khalil. Nilikujibu vibaya."

"Baba... mbona ulikuja? Mtoto si alisema hanijui?"

"Hakusema kitu. Nilipoiweka simu nikageuka, nikamwona kaiokota, kaikumbatia, anaibusu. Mtoto habusu simu ya mtu asiyemjua. Nikasimamisha ndoa palepale. Nikawaambia waliokuja kula pilau, twendeni kwanza tukatoe damu, pilau litasubiri."

"Na Aidarus?"

"Tulimwacha jamvini na kilemba chake. Binti yangu mwenyewe kasema hamtaki hata kwa dawa."

Tusajigwe akatokea na Salsabil, mzee alikuja naye, kampitisha kinyemela maana watoto hawaruhusiwi wodini. Bado yuko na lile gauni jeupe, limechafuka pilau. Akasimama mbali, ananitazama kama anahofia nitatoweka.

Nilikuwa na uchungu naye, siwafichi. Nikamuuliza.

"Salsa, jana nilikuita kwenye simu. Kwa nini hukuniitikia mama?"

Akasogea hatua moja.

"Bibi alisema... nikimwambia mtu mama yupo, ndio utakufa kweli huko hospitali."

"Eeh?"

"Ndio nikanyamaza, mama. Ili usife."

Mzee Khalil alinyanyuka akatoka nje. Tusajigwe akageukia dirishani. Mie nilimvuta mwanangu kifuani, mshono ukauma mpaka nikaona nyota, na sikumwachia. Mtoto mdogo vile alikuwa ameubeba uhai wangu peke yake, wakati watu wazima wananizika!

Aidarus alikuja baadaye na ile hadithi yao, shetani kampitia. Nilimwambia mie sibishani na shetani, nataka talaka yangu. Nimeipata. Sasa tunakaa Ubungo kwa dada Somoe, ambaye mpaka leo akikumbuka nilivyomdanganya tarehe, ananinunia siku nzima. Ana haki.

Dada zangu mnaonisoma, hasa mliopangiwa kisu. Husda ipo, sibishi. Ficheni mimba kwa mnaowahofia, ila msiwafiche watu wenu wa damu. Mtu akikuambia usimwambie yeyote, hata dada yako, muulize kwa nini anataka ndugu zako wasijue. Tarehe yangu nilimwachia mtu mmoja tu, na huyo mmoja ndiye aliyeitumia kunimaliza.

Kidume changu kinanyonya kama hakina akili nzuri. Salsabil amerudia kuongea kama redio.

Ila nikijilaza mchana, nikisinzia kidogo tu, nasikia kidole kinanigusa shavuni.

"Mama, upo?"

"Nipo, mwanangu."

Anaenda kucheza. Baada ya muda anarudi kuniuliza tena, na mie namjibu tena.