Chai Iliyoota Juu ya Tangi

Weka mkono kifuani uniapie hutamwambia mtu. Si dada, si mchungaji, hata ukimkamua ng'ombe, nyamaza. Umeapa? Haya. Mimi pia niliapishwa na Dorine mwenyewe, nikakaza mdomo kutoka sokoni Ndanai mpaka kwangu, na kwangu unapajua palivyo karibu.

Dorine ni yule msichana wa mazingira anayepima udongo na maji. Alifika jioni, kazi ya kawaida tu: atoboe mashimo kwenye kituo cha petroli cha Weldon, ajaze udongo kwenye chupa, arudi Bomet akale. Chemchemi iliyo bondeni, chini ya kituo, ilikuwa inanuka petroli. Ng'ombe wa Mochama walikunywa wakafa wakitoa povu, na mtoto wake alikuwa hospitali, anatapika damu. Weldon alikuwa ameshawaambia watu nani wa kulaumiwa: Nyamusi, mjane mwenye shamba la chemchemi. Mrogi.

"Unasumbuka bure, madam," Weldon akamwambia, meno nje. "Mwenye kuharibu maji anachomwa leo. Petroli nimewapa vijana mimi."

"Na nikipata inavuja kwako?"

"Toboa popote. Ila pale kwenye majani chai, usiguse."

Ungekuwa wewe ungeanzia wapi? Hapo hapo!

Nyasi zote juu ya tangi zilikuwa zimekauka, zimeungua. Katikati yake miti mitatu ya chai ilikuwa imestawi, kijani ya kung'aa. Na ilikuwa imechumwa. Majani mawili na chipukizi, kwa mkono unaojua kazi, utomvu bado mbichi. Nani huchuma chai kwenye kituo cha petroli? Dorine akainama, akanusa. Petroli... na kitu kingine. Nyama iliyolala.

Weldon alipoingia ofisini kupokea simu, Dorine akazungusha kekee yake ya mkono, ile ya kutobolea udongo. Udongo mwekundu. Udongo mweusi. Halafu chuma kikakwama.

Tuk.

Akaacha kuzungusha.

Tuk... tuk. Kutoka chini.

Akavuta kwa nguvu zote. Kekee ikatoka na kishungi cha nywele, zimesukwa na uzi wa zambarau, kipande cha ngozi kimening'inia.

Zilikuwa na joto.

Ndipo akasikia mayowe huko chemchemi.

Alikimbia, kekee mkononi. Akakuta Nyamusi amevunjwa mkono, kichwa kimepasuka, damu imemziba jicho. Tairi shingoni. Mochama alikuwa anammwagia petroli huku analia, kiberiti amekibana kwa meno.

"Mochama..." Nyamusi akanong'ona. "Mke wako si nilimzalisha mimi?"

"Ndiyo maana ulijua mtoto wa kuroga!" kijana mmoja akasema. Wengine wakacheka. Wakacheka, unasikia?

Dorine akajitupa katikati, petroli ikamlowesha naye. "Inatoka kwa Weldon! Udongo wake umejaa petroli. Na hizi... hizi ni nywele za nani?"

Mongina, msusi wa pale sokoni, akasogea na tochi ya simu. Akaushika ule uzi wa zambarau.

"Nilisuka mimi," akasema. "Ni za Akeyo."

Akeyo, mchuma chai wa zamani, ndiye aliyekuwa anajaza magari mafuta kwa Weldon. Weldon alituambia ametoroka na dereva wa lori, na ilivyokuwa habari tamu, soko zima tuliila bila kutafuna.

Kiberiti kikamponyoka Mochama mdomoni. Wakamvua Nyamusi lile tairi, Dorine akamkumbatia. Tairi wakapanda nalo kituoni.

Walimkuta Weldon amepiga magoti shimoni. Miti ya chai ameing'oa. Gunia liko kando, limetokeza mguu wa mtu, kiatu cha kazi bado kimefungwa; mwili uliobaki ungali udongoni. Ukingoni mwa shimo bomba la tangi lilionekana wazi, lina tundu la sururu, tundu la zamani lenye kutu. Alilitoboa mwenyewe siku alipomzika Akeyo, petroli ikaanza kuteremka kwenye chemchemi. Na fundi angemwitaje? Fundi angechimba.

"Toka hapo, muuaji!" Mochama akanguruma.

Weldon hakutoka. Akawageukia, jasho linamtiririka.

"Nivuteni," akanong'ona. "Ndugu zangu... nivuteni."

Wakadhani anaigiza. Mongina akamulika.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umezama udongoni mpaka kiwiko.

Vijana wanne wakamshika mabega, wakavuta. Mfupa ukalia ka! Akapiga yowe ambalo hata nguruwe hapigi. Mkono ukatokeza kidogo... na kwenye kifundo kulikuwa na vidole vyembamba, vimeoza, utomvu mbichi wa chai kuchani, vimembana mpaka damu inaruka.

Na mbele ya macho yao wote, vile vidole vikaanza kumvuta chini.