Vidonge Vyeupe vya Damari

Gulio la Shelui lilinuka karanga mbichi na moshi wa malori. Alute, utingo, alikuwa juu ya magunia akikohoa mpaka machozi, ndipo akasikia sauti chini.

"Kaka, kikohozi chako kina adabu. Kimenisalimia kabla yako."

Ni Damari, binti wa Misigiri, gauni la samawati, kitambaa cheupe kichwani, naye anakwenda hospitali Singida kwa kifua hichohicho. Alute akamvuta mkono, akapanda. Walipofika mjini kila mmoja alijua hata majina ya ng'ombe wa nyumbani kwa mwenzake.

Hospitalini wakalazwa wote wawili; daktari Mzungu alikuwa akijaribu dawa mbili za kifua. Damari akapewa vidonge vyeupe, Alute vya njano, na kuuliza kwa nini kulikuwa utovu wa adabu. Wa vyeupe walinenepa, wa njano walibebwa kwa machela. Wodi nzima iliona, isipokuwa waliolipwa kuona.

Wanawake wenye nguvu walipika uji wa uwele uani. Damari akampelekea Alute kibuyu.

"Kunywa, mume wangu wa kukohoa."

"Mchungu huu."

"Nimeupika kwa hasira. Kunywa."

Akawa anakunywa kila asubuhi. Damu ya kikohozi ikakoma, mashavu yakarudi. Damari ndiye akaanza kukonda. Akawa anaweka kibuyu na kuondoka haraka, hataki kutazamwa.

Siku moja Alute akamwona nyuma ya jiko, Paskali dresa, mfunga vidonda na mkalimani wa daktari, amemshika mkono, wananong'ona. Uji ulipoletwa, akausukuma.

"Mpelekee dresa wako, yule mwenye kaptura ya pasi."

"Nigombeze ukitaka, Alute, lakini unywe kwanza."

Hakunywa. Siku zikapita, damu ikarudi. Paskali mwenyewe akamfuata kitandani.

"Mjinga wewe. Nilimkamata akisaga vidonge vyake kwenye jiwe. Anavificha chini ya ulimi, anakutilia kwenye uji. Alikuwa ananibembeleza nisimseme."

Alute akaenda wodi ya wanawake akishika ukuta. Damari alikuwa amelala, kitambaa chake bado cheupe.

"Damari, dawa zako ziko wapi?"

"Ziko kwako."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa. Halafu ningeolewa na nani?"

"Na mimi. Hata leo."

Mchungaji akawafungisha ndoa palepale, amesimama mlangoni kwa kuogopa kifua. Tangu hapo Damari alimeza vyeupe mumewe akimtazama, ila kifua kilikuwa kimekwisha kuliwa. Uwele ulivunwa bila yeye.

Alute akapona, kwa vyeupe alivyoachiwa na Damari, akiba ya siku alizosusa uji. Siku ya kuruhusiwa daktari akampiga begani, Paskali akatafsiri: "Anasema njano imekuponya. Nyeupe ilishindwa kumponya mkeo. Anakupa pole."

Alute akaeleza yote, taratibu, tangu uji wa kwanza. Paskali akatazama sakafu, kisha akasema maneno machache ya Kizungu. Daktari akatabasamu.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba unashukuru. Nina watoto, Alute. Nikisema nilijua, nalala njaa."

Nje, lori lilikuwa linapakiwa makasha. Dereva alimfahamu Alute tangu Shelui.

"Utingo, njoo ushike. Dawa ya njano hii, inakwenda Misigiri, kwa wakweo."

Alute akakaa vumbini, mikono kwapani. Wakapakia wengine.