Upande wa Chini wa Mbao za Mninga

Upande wa chini wa ule ubao ulikuwa umekanyagwa.

Fundi Asukile ndiye aliyeona kwanza. Aliung'oa ubao kwa mtaimbo, akaugeuza na kuulaza kwenye nyasi, akachuchumaa, akautazama muda mrefu kuliko fundi anavyotazama ubao. Eveline akatoka jikoni na kikombe cha chai mkononi.

"Mwalimu, hebu pitisha kidole hapa."

Eveline akapitisha. Marehemu baba yake, alipojenga baraza hili la mbao nyuma ya nyumba yao ya Nyololo, alipaka upande wa chini oili chafu ya magari ili mchwa wasisogee. Eveline alitegemea kukuta weusi, utando wa buibui na matope makavu. Pembeni, oili ilikuwepo. Katikati ilikuwa imefutika kabisa. Mti ulikuwa laini, umebonyea kidogo, unang'aa kama kizingiti cha nyumba yenye watoto wengi.

"Ni unyevu," akasema. "Unapanda, unakauka, mwisho unasugua."

"Unyevu hauna kisigino, mwalimu."

Alama ilikuwepo kweli, kwa mtu aliyetaka kuiona. Eveline hakutaka. Alikuwa mtu wa kupima vitu, na alijua kwamba chini ya baraza, upande wa nyumba, nafasi haikuzidi goti. Upande wa bondeni mtu mzima angeingia kwa kuinama. Ili akanyage upande ule wa ubao, angepaswa kutembea miguu ikiwa juu na kichwa kikielekea ardhini. Wazo hilo alilifikisha mwisho, akaliacha hapohapo.

"Geuza zote," akasema. "Upande huu ndio mzima."

Kugeuza lilikuwa wazo lake tangu mwanzo. Watu wengi Nyololo hujengea paini, lakini mbao hizi zilikuwa mninga, baba alizileta kwa lori kutoka Chunya, na mninga hautupwi. Upande wa juu ulikuwa umepasuliwa na mvua na jua. Mwezi uliopita mkongojo wa mama yake, Mama Evarista, ulizama kwenye ufa, mama akaanguka na nyonga ikaumia upya. Kuota jua kwenye baraza lile ndiyo starehe pekee iliyombakia, na yeye mwenyewe ndiye pekee aliyembakia Eveline.

Hata siku ya kazi mama alikataa kuondoka.

"Mama, ingia ndani, unatuchelewesha."

"Niingie nikafanye nini? Huyu Mnyakyusa nikimwacha peke yake atang'oa mpaka nyumba aipeleke Tukuyu."

"Nyumba yenyewe baridi hivi, mama, nani anaitaka?" Asukile akacheka. "Sisi kwetu tunalala tumeshiba ndizi. Nyie Wahehe mnalala mmekunja ngumi."

"Geuza mbao, wewe. Mdomo huo ungekuwa nyundo tungeshamaliza."

Basi wakawa wanambeba na kigoda chake. Wakigeuza ubao mmoja wanamketisha juu yake, wanageuza unaofuata, mpaka baraza zima likawa limegeuka na mama katikati yake, anatabasamu, miguu yake juu ya ule mng'ao.

Vanishi waliyopaka ilikauka vizuri pembeni. Katikati, kutoka bondeni hadi mlango wa jikoni, ilibaki mbichi, kijia chembamba kinachonata, na harufu yake haikuwa ya vanishi. Ilikuwa ya udongo uliotoka kuchimbwa.

Kisha mama akapona.

Hivyo ndivyo Eveline alivyoliita jambo lile mwanzoni. Mama aliamka, akaacha mkongojo ukutani, akatembea wima mpaka jikoni kama msichana anayetumwa maji. Eveline alilia kwa furaha. Lakini jicho lake lilizoea kukagua, na furaha haikulifumba. Mama hakuchechemea, ila pia hatua zake hazikutoa sauti. Alimenya viazi bila kuimba pambio hata moja. Alikaa barazani tangu asubuhi, na ukungu uliposhuka wa kukata mifupa, hakujifunika hata khanga.

"Mama, baridi."

"Baridi iko wapi?" mama akajibu, bila kugeuza shingo.

Alasiri moja Eveline alirudi kutoka shuleni ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba malori ya barabara kuu yalisikika bila kuonekana. Alimkuta mama jikoni, amempa mgongo, anapanga vyombo. Ndipo akasikia kutoka barazani: mguu, mguu unaoburutwa, mkongojo. Mguu, mguu unaoburutwa, mkongojo. Ulikuwa mwendo alioujua kuliko sauti yake mwenyewe. Akatazama ukutani. Mkongojo haukuwepo.

Mama jikoni hakugeuka. "Usiende huko," akasema taratibu.

Eveline akatoka kwa mlango wa mbele, akazunguka nyumba akishika ukuta, akashuka hadi upande wa bondeni ambako baraza liliinuka juu ya nguzo, akawasha tochi ya simu, akainama, na mwanga ukapita juu ya udongo mkavu, juu ya misumari ya zamani, ukapanda kwenye boriti, ukafika kwenye upande wa mbao uliokuwa zamani unatazama mbingu, upande wenye nyufa za mvua na alama za kigoda, na pale, kigoda kikiwa kimesimama juu chini na miguu mitupu imekanyaga mbao kama inavyokanyaga sakafu, alikuwa amekaa mama yake, kichwa kikining'inia karibu na ardhi, kilemba hakijaanguka, khanga haijafunuka, mkongojo mapajani, anatetemeka kwa baridi na kumtazama mwanawe kwa mshangao wa mtu aliyeamshwa usingizini.

"Eve," mama akasema. "Mwanangu, mbona umesimama kichwa chini?"

Eveline alimpigia simu Asukile, naye akaja na begi lake la vifaa kabla ya jioni. Eveline alimweleza barabarani, kwa kunong'ona, na alitegemea amcheke.

"Mimi nilijua," Asukile akanong'ona. "Siku ile nilijua, nikaona aibu kukubishia. Hilo ni jini, mwalimu. Lina nyumba yake kule chini, sisi tumeligeuzia sakafu."

"Tugeuze tena."

"Na huyu aliye ndani?"

Huyu aliye ndani alikuwa ameshatoka. Alikaa katikati ya baraza, kwenye ubao mpana kuliko zote, mikono magotini.

"Fundi, umerudi," akasema, wala hakuongeza utani wowote.

Wakaanza pembeni. Kila ubao uliong'oka ulitoa pumzi ya udongo wa baridi, na kila uliolala upya ulionyesha nyufa zake za zamani, na kutoka chini mkongojo uligonga kuwafuata, ubao kwa ubao, huku yule aliyekaa katikati akizungumza na Eveline peke yake kwa sauti laini ya mama anayebembeleza mtoto asiyetaka kunywa dawa.

"Unajua nyonga yake itafanya nini, Eve? Kwanza mkongojo, halafu kitanda. Utamgeuza kama unavyogeuza mbao hizi. Halafu utamzika. Mimi siumwi. Sizeeki. Nitakusubiri kila jioni ukirudi shuleni, mpaka wewe ndiye uwe mzee. Si hicho ndicho unachomwomba Mungu?"

Mikono ya Eveline ikasimama. Ni kweli, ndicho alichokuwa akiomba.

"Usimjibu," Asukile akanong'ona. Ulikuwa umebaki ubao ule mmoja. Akajaribu mtaimbo, ubao haukutikisika. Aliyekaa juu yake alikuwa mzito kama jiwe la msingi. "Huku juu hautoki. Lazima mtu ausukume kutoka chini."

"Asukile, usiende."

"Sasa nani ataenda, mwalimu? Wewe shika huku. Nikisema vuta, vuta."

Akashuka bondeni na nyundo mkononi. Eveline akamsikia akitambaa, akikohoa, akisema kwa heshima, "Mama, shikamoo, nipishe kidogo," na sauti dhaifu ikimjibu, "Marahaba, baba, pole na kazi." Kusikia hivyo kulimaliza kusita kwake kote.

"Vuta!"

Akavuta. Ubao ukapinduka kama mlango, uso wa yule aliyekaa ukapita mbele ya uso wake, bila hasira, unatabasamu, ukazama. Na upande wa pili ukapanda na mama yake juu yake, amelala ubavu, amejaa udongo, baridi kama samaki, akiugua nyonga kwa sauti kubwa iliyokuwa tamu kuliko wimbo wowote. Eveline akamkumbatia hapohapo, akausikia moyo wake ukipiga vibaya, kizee, bila mpangilio.

Asukile akatokea kutoka bondeni. Akapigilia misumari ya ule ubao haraka, mmoja baada ya mwingine, bila kuongea. Hakuwa na tone la jasho.

"Asante, Asukile. Mungu akubariki. Ngoja nikupe hata chai."

"Hapana," akasema. Akachukua begi, akapita kando ya nyumba kuelekea barabarani, wima, na hatua zake kwenye kokoto hazikutoa sauti. Eveline akamwona akisimamisha bodaboda. Akamsikia akimwambia dereva ampeleke Mafinga, kwa mke wake.

Ndipo chini ya baraza nyundo ikaanza kugonga. Iligonga polepole, mahali pale pale chini ya ule ubao mpana, kwa mkono wa mtu anayejua kazi, na baada yake ikaja sauti ya mwanaume, imebanwa na mbao.

"Mwalimu? Mwalimu, nimeshasukuma. Mbona kumekuwa giza?"

Mama Evarista akainua kichwa kutoka kifuani mwa binti yake. "Eve. Nani yuko huko chini?"

Eveline akatazama ubao. Akatazama mtaimbo uliosahaulika kando yake. Kisha akamfunga mama khanga vizuri mabegani, akampitishia mkono chini ya kwapa, akamwinua.

"Hakuna mtu, mama," akasema. "Twende ndani, kuna baridi."