Prosesa ya Tatu

Seva ya hospitali ya misheni katika kijiji cha Daudi ilikuwa na nafasi mbili tu za prosesa, ule ubongo wa mashine. Efrazia, fundi wa kompyuta, alilijua hilo vizuri, maana alikuwa ametoka kuipachika ya pili kwa mikono yake, pamoja na vipande vinne vya memori, ili mashine ile kuukuu ibebe majina ya wagonjwa walioongezeka tangu Manyara iwe mkoa. Alipoiwasha, kioo kilihesabu: moja, mbili, tatu.

Akazima, akafunua mfuniko, akatazama. Mbili. Akawasha tena. Tatu. Ndipo ikaja harufu ya tope la kinamasi na ng'ombe aliyeozea majini.

"Dada Efrazia," alinong'ona Sista Perpetua, mtunza kumbukumbu, bila kuondoa macho kwenye kompyuta yake. "Monica wa wodi ya wazazi ameandikwa amefariki."

"Saa ngapi?"

"Leo, saa kumi. Na sasa ni saa tisa na nusu."

Efrazia akalifuta neno lile. Likarudi. Upande wa wodini muuguzi akapiga kelele kwamba Monica anatoka damu, daktari aitwe upesi.

Perpetua akachomoa waya wa umeme ukutani. Seva ikaendelea kuunguruma.

Gidamis, mlinzi mzee, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mwanangu, hapa chini kuna chemchemi. Walimwaga zege juu yake, pepo mwenye maji hakuulizwa. Sasa umemfungulia mlango. Toka, mwachie chumba."

"Nikitoka, Monica je?"

Ukungu ukaanza kupenya chini ya mlango, sakafu ikawa baridi, na kutoka kwenye matundu ya ile mashine ikasikika sauti ya maji yanayomezwa, funda baada ya funda, kisha sauti ya mama yake Efrazia aliyekufa miaka sita iliyopita, ikimwita taratibu kwa jina la utotoni ambalo Perpetua hakuwahi kulisikia, ikimwambia aache kazi, aje akae, kuna nafasi.

"Mama yangu yuko kaburini Endagikot," Efrazia akasema. "Nilimzika mwenyewe. Wewe si yeye."

Akafunua mfuniko. Katikati ya prosesa mbili kulikuwa na kitu cheusi, chenye majimaji kama pua ya ndama, kinapumua. Akakishika kwa vidole viwili. Kilikuwa na baridi inayounguza.

"Dada, acha!" Perpetua akalia.

"Siachi! Babu, leta sururu, vunja sakafu! Maji yapate njia, naye atuachie wagonjwa!"

Gidamis akarudi na sururu, akapiga zege mara tatu, likapasuka. Efrazia akavuta kwa nguvu zote, akapiga yowe. Kile kitu kikang'oka, kikateleza mkononi mwake, kikazama kwenye ufa. Maji yakafoka hadi magotini.

Efrazia akaifikia kibodi, akaandika mbele ya jina la Monica: *yu hai*. Likafutika. Akaandika tena. Likafutika. Akaandika huku akilia, akitukana, mpaka neno likakaa.

Saa kumi ikapita. Kutoka wodini wakamsikia Monica, kwa sauti dhaifu, akimgombeza muuguzi aliyemlaza mtoto vibaya.

Vile vidole viwili vya Efrazia havijapata joto mpaka leo. Anachapa kwa vinane, na chumba kile hajakihama.